Kontena umezifuta, diski bado imejaa: kushughulikia voliumu zilizobaki

Unafuta kontena ya Docker, unafuta na nyingine, unatazama diski: nafasi ni ile ile. Siku chache baadaye mfumo wa mauzo unagoma kutoa risiti kwa sababu hifadhidata haina mahali pa kuandika hata mstari mmoja. Tatizo hili tunalijua vizuri sisi tunaotunza seva ndogo za biashara hapa Kisumu: kompyuta ya mezani yenye Ubuntu iliyowekwa chini ya kaunta ya duka la jumla upande wa Kibuye, au seva ya kukodi ya gigabaiti 25 inayobeba mfumo wa kliniki. Diski zenyewe ni ndogo, na kila fundi anayepita huacha chake.

Docker, programu inayoendesha mifumo hii ndani ya kontena, haijaharibika. Imeundwa hivyo makusudi. Kontena ni kifurushi ambamo programu huendeshwa, na ni kitu cha kupita: unaiwasha, unaizima, unaifuta, unatengeneza nyingine. Voliumu ni sehemu ya diski ambayo Docker huitenga kando ili data iendelee kuwepo hata kontena ikishaondoka. Amri ya `docker rm` huondoa kontena, basi. Voliumu hubaki ndani ya `/var/lib/docker/volumes` mpaka mtu aje aiondoe kwa mkono wake.

Kwa hiyo voliumu yoyote iliyobaki ni moja kati ya vitu viwili: takataka, au nakala ya pekee ya data ya mtu. Ukiziangalia kwa nje hazina tofauti. Ndiyo maana ninasisitiza kuzitambua kwanza kabla ya kufuta chochote. Nafasi ya diski hununuliwa. Daftari la madeni ya wateja la miaka mitatu halinunuliwi popote.

Jambo moja la kuelewa kabla hatujaanza dalili zenyewe. Kuna voliumu zenye jina ulilozipa mwenyewe, mfano `duka_pgdata`, na kuna zisizo na jina, ambazo Docker huzipachika mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Hizi za pili ndizo hujazana bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyeziomba. Waliotengeneza imeji (kiolezo ambacho kontena huundwa kutokana nacho) ya hifadhidata kama Postgres, MySQL, Mongo au Redis wameandika ndani yake kwamba folda fulani lazima iwe voliumu. Ukiwasha `docker run postgres` bila kutaja voliumu yako, Docker inakutengenezea isiyo na jina. Ukifuta kontena hiyo na kuwasha nyingine, inatengeneza mpya tena, na ile ya kwanza inabaki pale pale.

## Dalili: diski imejaa na kontena ni chache

Usianze kufuta. Anza kwa kuuliza nafasi imeliwa na nani:

```
df -h /var/lib/docker
docker system df
```

Amri ya pili hutoa jedwali kama hili:

```
TYPE            TOTAL     ACTIVE    SIZE      RECLAIMABLE
Images          14        5         6.1GB     3.2GB (52%)
Containers      6         5         48MB      1.1MB (2%)
Local Volumes   37        4         71.4GB    66.9GB (93%)
Build Cache     88        0         2.3GB     2.3GB
```

Katika mfano huu jibu liko wazi: voliumu 37, zinazotumika ni 4, na karibu gigabaiti 67 hazijashikwa na kontena yoyote. Ungeanza kufuta imeji ungeokoa gigabaiti tatu tu, halafu ulipe bando kuzipakua upya siku utakapozihitaji. Hili la bando lisichukuliwe kijuujuu. Amri ya `docker system prune -a`, ambayo watu hupenda kuinakili bila kuisoma, huondoa kila imeji isiyo na kontena. Ukiwa ofisini kwenye mtandao wa kasi hutaona shida. Ukiwa kwa mteja Ahero, unatumia intaneti ya simu yako, utapakua mamia ya megabaiti jioni nzima huku mwenye duka amesimama nyuma yako.

Safu ya mwisho ikionyesha voliumu ndizo zenye uzito, ingia ndani zaidi:

```
docker system df -v
```

Sehemu ya voliumu hapo ina safu iitwayo LINKS. Sifuri maana yake hakuna kontena inayoishika. Angalia ukubwa pia. Voliumu ya Postgres iliyowashwa mara moja na kuachwa huwa na makumi ya megabaiti. Ya MySQL 8 iliyo tupu hukaribia megabaiti 200. Ukiona nyingi zenye ukubwa unaokaribiana namna hiyo, zote zikiwa na majina ya herufi 64, hayo kwa kawaida ni mabaki ya majaribio: mtu alikuwa akiwasha na kuzima hifadhidata ili kujaribu programu yake. Ukikuta moja ya gigabaiti 9 katikati ya hizo ndogo, simama. Hiyo ilikuwa na kazi.

Kuangalia zote kwa pamoja, tumia kitanzi hiki kifupi:

```
for v in $(docker volume ls -qf dangling=true); do
  echo "== $v"
  docker run --rm -v "$v":/x:ro alpine sh -c 'du -sh /x; ls -l /x | head -30'
done
```

Herufi `ro` pale zinahakikisha unasoma tu, huandiki. Sasa soma majina ya faili, kwa kuwa ndiyo yanayotoa ushahidi. Faili ya `PG_VERSION` ni Postgres, na ndani yake mna nambari ya toleo. `ibdata1` ni MySQL au MariaDB. `WiredTiger` ni Mongo. `dump.rdb` ni Redis, ambayo mara nyingi huwa kashe tu, ingawa si kila mara: uliza kwanza. Folda ya picha au PDF maana yake mfumo ulikuwa ukihifadhi stakabadhi zilizopakiwa na watumiaji, na hizo hazirudi.

Tahadhari moja kuhusu amri ya aina hii. Ukiandika jina la voliumu kwa mkono na ukakosea herufi, Docker haikwambii kwamba haipo. Inaitengeneza hapo hapo ikiwa tupu, na wewe unaona folda isiyo na kitu na kuhitimisha kwamba data imeisha. Kabla hujakata tamaa, endesha `docker volume ls` uone kama hujaongeza voliumu nyingine kwenye orodha.

Na kama jedwali la kwanza linaonyesha voliumu hazina uzito lakini diski imejaa? Tazama faili za logi za kontena zinazoendelea kufanya kazi, ndani ya `/var/lib/docker/containers`. Kwa mpangilio wa kawaida Docker haiwekei faili hizo kikomo, na `docker system df` haizihesabu. Weka `max-size` na `max-file` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, uwashe Docker upya, kisha utengeneze kontena upya, maana mpangilio huo haugusi zilizokuwepo tayari.

## Dalili: umeendesha prune, hakuna kilichopungua

Umeandika `docker volume prune`, ukakubali, ikajibu kwamba imerudisha baiti sifuri. Au imerudisha kidogo mno ukilinganisha na ulichokitarajia.

Chanzo kikuu ni toleo. Tangu Docker 23.0, iliyotoka mwaka 2023, amri hiyo hufuta voliumu zisizo na jina pekee. Zenye jina inaziacha hata kama hazitumiki. Kabla ya hapo ilikuwa ikifuta zote zisizoshikwa, na maelekezo mengi yaliyozagaa bado yameandikwa kwa tabia ile ya zamani. Mimi naunga mkono mabadiliko hayo kabisa: jina ni dalili kwamba kuna mtu aliikusudia voliumu hiyo.

Kuna chanzo kingine kinachowachanganya hata wazoefu. Docker mpya huitambua voliumu isiyo na jina kwa lebo inayobandikwa wakati wa kuiunda. Zilizoundwa kabla ya 23.0 hazina lebo hiyo, hivyo hata zenye herufi 64 huhesabiwa kama zenye jina. Seva iliyowekwa zamani na kupandishwa toleo itakuwa na rundo la namna hii ambalo prune ya kawaida hailigusi.

Njia ipo, ya kuongeza `-a`:

```
docker volume prune -a
```

Lakini hii hufuta kila voliumu isiyoshikwa na kontena, yenye jina na isiyo na jina, na hakuna pipa la taka la kwenda kuiokotea. Kama mfumo wa mteja umezimwa kwa `docker compose down` (Compose huwasha na kuzima kontena zote za mradi kwa kufuata faili moja) ili ufanyiwe matengenezo, kwa dakika hizo hifadhidata yake haishikwi na kontena yoyote. Ukiendesha amri hii wakati huo, umeifuta. Kwenye seva yenye data ya watu, heri uziondoe moja moja kwa `docker volume rm` baada ya kuzikagua, hata ikichukua saa nzima.

## Dalili: inakataa kufutwa, inasema inatumika

```
Error response from daemon: remove duka_pgdata: volume is in use - [4f1c...]
```

Ukiangalia `docker ps` huoni kontena yoyote. Hiyo ni kwa sababu `docker ps` huonyesha zinazofanya kazi tu, ilhali hata kontena iliyozimwa bado inashikilia voliumu yake. Mtafute mshikaji hivi:

```
docker ps -a --filter volume=duka_pgdata
```

Ikiwa ni kontena ya zamani isiyohitajika, ifute kwanza, kisha voliumu itakubali. Kuongeza `-f` kwenye `docker volume rm` hakusaidii hapa.

## Dalili: nenosiri jipya linakataliwa

Hii ndiyo inayowapotezea muda mwingi zaidi vijana wanaoanza. Umebadilisha `POSTGRES_PASSWORD` kwenye faili ya Compose, umefuta kontena, umeiwasha upya, na bado unaambiwa `password authentication failed`. Unabadilisha tena. Unakagua nafasi na alama za nukuu. Hakuna kinachosaidia.

Sababu ni voliumu iliyobaki. Imeji ya Postgres husoma nenosiri hilo mara moja tu, pale inapokuta folda ya data ikiwa tupu na kuanzisha hifadhidata mpya. Ikikuta data, huiwasha kama ilivyo, na nenosiri la zamani ndilo linaloendelea kutawala. MySQL iko vivyo hivyo, na pia maandishi ya SQL unayoweka ndani ya `/docker-entrypoint-initdb.d`: yote hayo husomwa kwenye folda tupu pekee. Kwa hiyo ukiongeza jedwali jipya kwenye faili hiyo na lisitokee, jibu ni hili hili.

Kompyuta yako ya majaribio ikiwa haina kitu cha maana, futa voliumu uanze upya. Kwenye seva ya mteja usithubutu. Badilisha nenosiri kutoka ndani:

```
docker exec -it db psql -U mtumiaji -d duka
\password mtumiaji
```

Ukiingia namna hii kutoka ndani ya kontena yenyewe, imeji rasmi ya Postgres kwa mpangilio wake wa kawaida haikudai nenosiri. Weka jipya, toka, jaribu programu.

## Dalili: data yote imepotea baada ya kuwasha upya

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo voliumu iliyobaki inapogeuka kutoka kero kuwa wokovu.

Mwenye duka la dawa Kondele anapiga simu asubuhi: "Mwanangu, dawa zote zimetoka kwa kompyuta." Mfumo unafunguka vizuri, unaingia, lakini orodha ya bidhaa ni tupu, mauzo sifuri. Fundi aliyekuja jana anasema hakufuta kitu, alihamisha tu folda ya mradi kutoka `/home` na kuiweka `/opt`, akaipa jina linaloeleweka zaidi. Anasema kweli. Tazama:

```
$ docker volume ls
DRIVER    VOLUME NAME
local     duka-la-dawa_pgdata
local     duka_pgdata
```

Docker Compose huchukua jina la folda na kulifanya jina la mradi, kisha hulitanguliza mbele ya jina la voliumu. Folda ilipoitwa `duka`, voliumu ilikuwa `duka_pgdata`. Folda ilipobadilishwa kuwa `duka-la-dawa`, Compose ilitafuta `duka-la-dawa_pgdata`, haikuipata, ikaunda mpya tupu bila kulalamika. Data ya mama huyo imetulia salama kwenye ile ya kwanza, na sasa ikitazamwa na mtu mwenye haraka ya kusafisha diski itaonekana kama takataka isiyoshikwa na yeyote.

Tiba ni kulifunga jina la mradi ndani ya faili yenyewe, lisitegemee folda:

```
name: duka
services:
  db:
    image: postgres:15
    volumes:
      - pgdata:/var/lib/postgresql/data
volumes:
  pgdata:
```

Lakini kabla hujabadilisha, uliza swali moja: tangu jana, kuna aliyeuza kitu? Kama duka lilifunguliwa na mhudumu akaanza kuingiza dawa upya kwa mkono, voliumu mpya nayo ina data halali. Toa nakala yake kwa `pg_dump` kwanza. Kisha zima kila kitu kwa `docker compose down` ukiwa bado na jina la sasa, `duka-la-dawa`, bila `-v`, ndipo uweke mstari wa `name` na kuwasha. Mauzo ya asubuhi ile yataingizwa baadaye kutoka kwenye nakala, au kutoka kwenye karatasi ikiwa ni machache.

Sababu ya pili inayoleta dalili hii hii ni hifadhidata iliyowekwa bila voliumu yenye jina. Kila kitu hufanya kazi kwa miezi, kwa kuwa `docker compose up` ikiunda kontena upya huirithisha ile voliumu isiyo na jina. Siku mtu anapoendesha `down` halafu `up`, urithi unakatika: kontena ya zamani haipo tena, mpya inapewa voliumu mpya. Data iko, ila imejificha nyuma ya herufi 64. Tumia kile kitanzi cha juu, tafuta yenye ukubwa unaoingia akilini na tarehe za karibuni, kisha inakili kwenye voliumu yenye jina huku hifadhidata ikiwa imezimwa:

```
docker volume create duka_data
docker run --rm -v 9be27c...:/toka:ro -v duka_data:/kwenda \
  alpine sh -c 'cp -a /toka/. /kwenda/'
```

Pale penye `9be27c...` weka jina zima lenye herufi 64. Baada ya hapo iandike kwenye faili ya Compose ikiwa na `name: duka_data` na `external: true`. Hiyo ya pili ina faida kubwa ya ziada: voliumu ya nje haifutwi hata mtu akiendesha `docker compose down -v`. Kwa hifadhidata yoyote ya biashara mimi huiweka hivyo tangu mwanzo.

Sababu ya tatu ni njia iliyokosewa. Kwa imeji za Postgres hadi toleo la 17, data hukaa `/var/lib/postgresql/data`. Mtu akiishia `/var/lib/postgresql`, voliumu yake yenye jina inabaki haina data, na data halisi inaingia kwenye isiyo na jina chini yake. Kuanzia toleo la 18 mpangilio umebadilika: sasa mahali pa kuunganisha ni `/var/lib/postgresql` yenyewe. Kwa hiyo ukipandisha toleo, badilisha na mstari huo, na usinakili faili ya Compose ya rafiki yako bila kuangalia nambari ya toleo.

Ya nne haina tiba kati ya hizi. Kama mtu ameendesha `docker compose down -v`, voliumu zote zilizotajwa kwenye faili, ukiacha zile za nje, zimefutwa kweli. Usipoteze saa kuzitafuta. Nenda kwenye nakala rudufu.

## Dalili: hifadhidata inawaka na kuzima papo hapo

Soma logi kwa `docker logs db`. Ukikuta maneno `database files are incompatible with server`, basi voliumu ilianzishwa na toleo kuu tofauti, labda 13, na wewe umewasha 16. Hutokea sana pale faili ya Compose inaposema `postgres:latest`: imeji imepakuliwa upya, toleo limeruka, voliumu imebaki ya zamani. Data haijaharibika. Jua toleo lake:

```
docker run --rm -v duka_data:/x:ro alpine cat /x/PG_VERSION
```

Washa imeji ya toleo hilo hilo, toa data yote kwa `pg_dumpall`, kisha iingize kwenye voliumu mpya inayoendeshwa na toleo jipya. Ile ya zamani iache kwanza mpaka watumiaji wathibitishe kila kitu kipo. Na uache kuandika `latest` kwenye hifadhidata.

## Dalili: umefuta voliumu kwenye Windows, diski C haikurudi

Docker Desktop kwenye Windows huweka kila kitu ndani ya faili moja kubwa ya diski pepe yenye kiambishi `.vhdx`, chini ya `AppData\Local\Docker\wsl`. Faili hiyo hukua data inapoongezeka, lakini mara nyingi haipungui yenyewe data inapofutwa. Ndani yake nafasi ipo; Windows haiioni.

Futa voliumu zisizotakiwa kwanza, kwa utaratibu ule ule wa kuzikagua. Funga Docker Desktop kabisa, fungua terminali kama msimamizi, uendeshe `wsl --shutdown`, kisha `diskpart` na amri hizi:

```
select vdisk file="C:\Users\...\docker_data.vhdx"
attach vdisk readonly
compact vdisk
detach vdisk
```

Kwenye matoleo ya zamani faili huitwa `ext4.vhdx`. Kazi hii ikiendelea hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha, maana si ya kukatizwa na stima katikati.

## Dalili: docker volume ls ni tupu lakini data ipo

Angalia faili ya Compose. Ukiona `./data:/var/lib/mysql`, hiyo ni folda ya kawaida ya seva iliyounganishwa moja kwa moja, si voliumu. Docker haiorodheshi, haihesabu, wala haitaifuta kamwe. Ukijaribu kuiondoa utaambiwa huna ruhusa kwa sababu inamilikiwa na mtumiaji wa ndani ya kontena. Amri ya `sudo` inatosha, baada ya kujiridhisha kuhusu yaliyomo.

## Ukifika wakati wa kufuta

Umeshaitambua, umeshamuuliza mwenye data, na jibu ni kwamba haihitajiki. Usiiache kwa kuogopa. Voliumu yenye majina ya wagonjwa, nambari za simu na madeni ya watu, iliyosahauliwa kwenye seva ambayo mafundi kadhaa wana funguo zake, ni hatari yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 kwa kawaida haimruhusu mtu kukaa na taarifa binafsi kupita muda ambao lengo la kuzikusanya linazihitaji, na sheria hiyo haitofautishi kati ya hifadhidata inayotumika na iliyosahauliwa. Mweleze mwenye kliniki hivyo kwa lugha nyepesi, na atakubali kusafisha.

Pale ambapo bado kuna shaka, weka nakala nje ya seva kabla ya kufuta. Kwa hifadhidata inayofanya kazi tumia `pg_dump` au `mysqldump`, kwani kunakili faili zake wakati zinaandikwa hutoa nakala isiyoaminika. Kwa voliumu iliyolala, tar inatosha:

```
docker run --rm -v duka_pgdata:/data:ro -v "$PWD":/nakala \
  alpine tar czf /nakala/duka_pgdata.tar.gz -C /data .
```

Nakala ambayo haijafunguliwa usiihesabu. Ifungue kwenye voliumu ya majaribio, kwenye laptopu yako, uwashe hifadhidata ya toleo lile lile juu yake, na uhesabu mistari ya jedwali moja unalolijua:

```
docker volume create jaribio
docker run --rm -v jaribio:/data -v "$PWD":/nakala:ro \
  alpine tar xzf /nakala/duka_pgdata.tar.gz -C /data
docker run -d --name angalia -v jaribio:/var/lib/postgresql/data postgres:15
docker exec -it angalia psql -U mtumiaji -d duka -c 'select count(*) from mauzo;'
```

Ukiambiwa mtumiaji huyo hayupo, tafuta `POSTGRES_USER` iliyotumika siku ya kwanza kwenye faili za zamani za mradi. Idadi ikilingana na unayoijua, ondoa jaribio kwa `docker rm -f angalia` na `docker volume rm jaribio`, uhamishe faili ya tar kwa mwenyewe, halafu urudi kwenye seva:

```
docker volume rm duka_pgdata
df -h /var/lib/docker
```

Kwa kontena za majaribio utakazowasha kuanzia sasa, weka `--rm` kwenye `docker run`, au zifute kwa `docker rm -fv`. Zote mbili huondoka pamoja na voliumu zao zisizo na jina na kuziacha zenye majina.